Anayeuguza Naye Ahesabiwe

Tukizungumzia maradhi hapa redioni, mara nyingi tunamzungumzia mgonjwa: dalili zake, dawa zake, hospitali ya kumpeleka. Leo mgonjwa tumwache apumzike. Namtaka yule aliyekaa pembeni ya kitanda, aliyeshika kikombe, ambaye daktari akishamaliza kuandika humwambia, "Mama, huyu utakuwa unamgeuza kila baada ya saa mbili." Kisha anaitwa mgonjwa mwingine.

Kila baada ya saa mbili. Hebu tulifuate agizo hilo mpaka nyumbani. Mtu aliyepigwa na kiharusi akapooza upande mmoja, asipogeuzwa anaota vidonda kiunoni na visiginoni, na vidonda hivyo vikishachimba ni shida kuvifunga. Kwa hiyo saa nne usiku anageuzwa, saa sita, saa nane, saa kumi. Unampitisha mkono chini ya bega, unamvuta, unaweka kitenge kilichokunjwa katikati ya magoti ili mifupa isisuguane. Kukipambazuka kuna shuka za kufua, na sehemu nyingi za mkoa huu wa Dodoma maji ya kufulia yanakuja kwa ndoo kichwani. Wodini kazi hiyo ingefanywa na manesi wa zamu tatu, kila mmoja na mshahara wake. Nyumbani anaifanya mtu mmoja. Na kwa kuwa anaifanya bure, hakuna kitabu cha hesabu cha serikali chenye mstari wake.

Nazungumzia hasa maradhi ya mfumo wa fahamu, yaani ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Kiharusi kimo humo, na kifafa, na mtindio wa ubongo kwa watoto, na kichwa kikubwa na mgongo wazi, na maradhi ya kutetemeka, na ule usahaulifu wa uzeeni unaomfanya baba yako akuulize wewe ni nani. Yanatofautiana sana, ila yanafanana kwa jambo moja: hayaondoki kwa wiki mbili. Malaria inakuja na kupona. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anakuwa kijana wa miaka ishirini, kilo hamsini, na mama aliyekuwa akimbeba mgongoni naye amezeeka.

Na kazi yenyewe ina ufundi ambao hausemwi. Mtoto ambaye misuli ya koo haimtii hulishwa uji kijiko kimoja kimoja, amekalishwa wima, kidevu kimeinama kidogo. Unasubiri ameze. Unasubiri tena, maana mara nyingine anamung'unya tu na uji bado uko shavuni. Ukimlaza chali ili mambo yaende haraka, uji unapotea njia, unaingia kwenye mapafu, na wiki inayofuata mko zahanati kwa nimonia. Bakuli moja linaweza kula saa nzima, na kwa siku kuna mabakuli matatu au manne. Ukikutana na mama wa namna hii barabarani akakwambia "sina muda", usidhani ni maneno ya adabu.

Sasa tumpeleke shambani, kwa sababu sisi wa nyanda hizi za kati hatuna mvua ya kuchezea. Tunapata msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka ikiwa mwaka ni mzuri. Palizi la Januari na Februari halingoji mtu. Ukilikosa, umekosa chakula cha mwaka. Halafu mtama na uwele vikianza kukomaa, kwelea kwelea nao wanafika, na hapo lazima mtu aende kuamia. Pita Chamwino au Bahi wakati huo utaona madungu mashambani, na juu ya dungu mtu na kombeo lake, au anagonga debe. Chini kwenye kivuli cha mbuyu utakuta mkeka, na juu ya mkeka mtoto ambaye hawezi kukaa. Mama yuko juu, jicho moja kwa ndege, jingine kwa mtoto, maana nyumbani hakuna wa kumwachia. Kama mtoto ana kifafa ni hatari zaidi: mafiga yako pale pale, moto uko pale pale, na watu wengi wenye kifafa wana makovu ya moto mwilini kwa sababu kuna dakika moja hawakuwa na mtu karibu.

Miaka ambayo ndege hao wanazidi, Wizara ya Kilimo huleta ndege ya kunyunyizia dawa ya kuwaua. Sina ugomvi nayo, nasema ilete na mwakani. Ninachotaka mkione ni kwamba serikali inafahamu kuwa mlinzi wa shamba akiachwa peke yake atashindwa, na ikamtafutia mkono wa pili. Mlinzi wa mtoto yuko shamba lile lile, mita kumi kutoka hapo.

Kuna watakaosema Dodoma ndiyo mahali pa mwisho pa kulalamika, maana hospitali zimejaa. Ni kweli tunazo. Mirembe ipo hapa tangu miaka ya 1920, wakati wa Mwingereza, na leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Nchi nzima mtu akifanya jambo la ajabu anaambiwa apelekwe Mirembe, hata kama msemaji hajawahi kufika Dodoma. Tunayo hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo wenyeji hatuachi kuiita General. Tunayo Benjamin Mkapa iliyofunguliwa mwaka 2015 jirani na chuo kikuu. Lakini tazama kilichobadilika tangu siku za Mirembe ya kwanza. Zamani dola ilikuwa na jibu moja: mchukue, mfungie, ndugu waende zao. Lilikuwa jibu baya. Siku hizi jibu ni kwamba mgonjwa atibiwe, arudi kwao, aishi na watu wake. Hilo ni zuri mara mia. Ila kumrudisha mgonjwa nyumbani ni kuihamisha kazi ya wodi kuipeleka sebuleni, na kazi ilipohama bajeti haikuhama nayo.

Upande wa kifafa kuna jambo linaniudhi, niliseme lipite. Dawa za kifafa kwa miaka mingi zimetolewa kwenye kliniki za afya ya akili. Kwa hiyo mzazi anaongozana na mtoto mwenye akili zake timamu, kwenye foleni ambayo majirani wakimwona wana jambo la kuongea mpaka jioni. Wengine wanaacha kwenda. Fenobarbitoni ni kidonge cha bei ndogo sana, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa. Lakini dawa hiyo ukiikata ghafla mtu anaweza kuanguka mfululizo asizinduke. Mama wa kijijini Mpwapwa au Chemba anaijua nauli ya kufuata kile kidonge cha bei ndogo. Mara nyingine akifika dirishani anaambiwa kimeisha, akanunue duka la nje.

"Mama, mbona mwezi uliopita hukuja?"

"Dada, huyu ningembeba, wale watatu ningemwachia nani?"

Mazungumzo hayo, nesi yeyote anayenisikiliza anayajua.

Je, serikali haifanyi kitu? Inafanya, na nisingependa mtu atoke hapa akisema nimekana. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, hiyo CHF, umbo lake hilo lilianzia hapa hapa Dodoma mwaka 2011 kwa mradi uliosaidiwa na Uswisi, ndipo ukasambaa nchini kwa mchango uliokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Novemba 2023 Bunge, papa hapa mjini, likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, una Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Na tangu mwaka 2010 tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, yenye kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa.

Sasa chukua kila kimoja umpelekee yule mama wa chini ya mbuyu. Bima inamlipia mtoto kumwona daktari. Haimlipii mama siku ya shamba iliyopotea, wala pampasi, na pampasi za mtu mzima waliowahi kununua wanajua nina maana gani. Mkopo wa asilimia 2 ni fedha ya biashara, na biashara inataka mtu asimame kwenye meza yake gengeni kuanzia asubuhi. Ukimkopesha mtu ambaye mikono yake imeshikwa na mgonjwa, unamwongezea deni. TASAF ndiyo iliyo karibu zaidi naye, na kwa hiyo ndiyo yenye swali gumu zaidi. Mpango wao una ajira za muda, watu wanachimba malambo na kutengeneza barabara wanalipwa. Kaya isiyo na mtu wa kufanya kazi hupewa ruzuku bila kazi hizo. Busara tupu. Lakini huyu mama ana miaka thelathini na nne, hana ugonjwa, mikono miwili, miguu miwili. Ofisa akimtazama anaona nguvu kazi. Nawaomba waratibu wa TASAF wa wilaya zote saba za mkoa wetu watujibu kipindi kijacho: anayeuguza usiku na mchana, mnamwandika upande gani?

Maana kuandikwa ndiko kunakoanza mambo yote. Sensa ya mwaka 2022 ilituambia kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Angalia hapo kwenye miaka 7. Mtoto wa miaka mitatu mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mama yake hajalala tangu amzae, hayumo katika asilimia hiyo. Na anayemuuguza hayumo katika asilimia yoyote. Mkoa wa Dodoma peke yake ulihesabiwa watu 3,085,625, mpaka yule wa mwisho. Wauguzaji wamo humo humo, ila wameandikwa wakulima, mama wa nyumbani, au hawana kazi. Hawana kazi!

Waajiriwa wako afadhali kidogo, na nitawapitia kwa haraka kwa kuwa ni wachache. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto akiugua au akifariki, au akifariki mke, mume, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Siku hizo 4 ni za mzunguko wa miezi 36. Na isome vizuri: mtoto anatajwa katika kuugua na katika kufa, lakini mzazi na mwenzi wanatajwa katika kufa tu. Mumeo akifariki sheria inakupa siku za kumzika. Akipooza leo asubuhi, haina la kukwambia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na mama aliyejifungua njiti akaongezewa muda wa likizo. Nilifurahi, maana kuzaliwa kabla ya siku ni mojawapo ya vyanzo vya mtindio wa ubongo. Marekebisho yale yale yamefungua na mlango wa likizo ya dharura bila malipo. Bila malipo, lakini mlango ni mlango.

Kuna rafiki yangu mmoja, mzee wa mjini, nikimgusia habari hii hunijia juu. Anasema nyinyi watu wa redio mnataka kuua undugu. Kumuuguza mzazi ni wajibu na thawabu, ukianza kulipia, kesho mtoto atakataa kumnywesha baba yake maji mpaka aone hundi. Hoja hii ina wenyewe wengi na siidharau. Lakini namuuliza swali moja kila mara: mzee, katika ukoo wenu nani anauguza? Anasema, wanawake. Wangapi? Anafikiri. Ni shangazi mmoja. Basi huo wajibu wa ukoo mzima umebebwa na shangazi mmoja, wengine tunatuma salamu na sukari. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna wepesi unaozidi wa mzigo uliobebwa na shangazi yako.

Waingereza walipita njia hii hii. Mwaka 1976 walianzisha posho kwa anayeacha kazi ili kumuuguza mtu mwenye ulemavu mkubwa, lakini wakamwondoa mwanamke aliyeolewa, kwa hoja kwamba huyo angekuwa nyumbani vyovyote vile. Mwanamke mmoja, Jacqueline Drake, aliyeacha kazi amtunze mama yake, akalipeleka jambo hilo mpaka Mahakama ya Ulaya, na mwaka 1986 sheria ikabadilishwa. Miaka kumi wake za watu walifanya kazi ile ile ambayo mwanamume akiifanya analipwa. Nimeitaja hii kwa sababu "angekuwa nyumbani vyovyote vile" naisikia hata hapa Dodoma, ila sisi hatujaiandika kwenye sheria.

Mtasema Uingereza ni tajiri. Haya, njoo hapo jirani. Kenya inao mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ndani ya Inua Jamii, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Unamlenga mtu ambaye hali yake inahitaji mwangalizi saa 24, na mara nyingi mwangalizi ndiye anayepokea: shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Zinachelewa, na Wakenya wenyewe hawachoki kulalamika, wana haki. Ila kwenye fomu yao lile neno mwangalizi limo. Afrika Kusini inayo ruzuku ya mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anayehitaji kuangaliwa muda wote. Zanzibar nao walipoanza pensheni jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70, iliwezekana. Ile si posho ya wauguzaji, lakini bibi mwenye senti yake hamwelemei sana mkwe anayemtunza.

Tukiacha fedha, kuna mambo ambayo gharama yake ni kuamua tu. Wenzetu wanaotumia ARV siku hizi hupewa dawa za miezi mitatu, wengine sita, kwa mkupuo, na ilifanyika hivyo baada ya kuona safari ya kila mwezi inawaangusha. Kwa nini mwenye kifafa aliyetulia asipewe hivyo hivyo? Mama anakuwa amerudishiwa siku nane za mwaka, na siku nane wakati wa palizi ni gunia. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya laki moja na thelathini elfu kwa miaka mitano nchi nzima, na hawa ni wa kulipwa. Wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za chandarua, choo na uzito wa mtoto. Waongezewe swali moja: humu ndani nani anauguza, na mara ya mwisho alilala usiku mzima lini? Mhudumu huyo akifundishwa pia namna ya kumlisha mtoto mwenye shida ya kumeza na namna ya kumgeuza aliyepooza bila kujivunja kiuno, amesaidia kuliko kipeperushi.

Na kuna suala la kupumua. Hapa mjini tunacho kituo cha Cheshire pale Miyuji kinachotunza watoto wenye ulemavu, na vipo vingine vya madhehebu mbalimbali vinavyofanya kwa moyo. Mimi nasema kata ikiweza kuwa na ofisi ya mtendaji, zahanati na shule, ishindwe nini kuwa na chumba kimoja ambacho mama atamwacha mtoto siku mbili kwa wiki, asubuhi mpaka adhuhuri, kukiwa na mtu mmoja aliyefundishwa? Akina baba nao watakitumia. Wapo wachache wanaouguza, na hao wanabeba aibu juu ya mzigo, maana jirani akimkuta anafua nguo za mkewe aliyepooza anadhani amerogwa.

Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, nasi tumo, zilikubaliana mpango wa miaka kumi kuhusu kifafa na maradhi mengine ya mfumo wa fahamu, unaofika 2031. Ndani yake wauguzaji wametajwa waziwazi, kwamba wasaidiwe. Kwa hiyo tunachodai hapa kimeshakubaliwa. Kinasubiri mtu wa kukiingiza kwenye makadirio, na makadirio yanasomwa hapa hapa Dodoma, kuanzia Aprili hadi Juni. Ugumu ni nani atayasoma. Mgonjwa ni wa Wizara ya Afya. Mwenye ulemavu anashughulikiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Ofisa ustawi wa jamii wa wilaya yuko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, sera ya ustawi ni ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, na TASAF iko Ofisi ya Rais. Kote huko sijaona mlango wenye kibao cha anayeuguza. Majengo ya wizara pale Mtumba ni jirani, mtu anatembea kwa miguu kutoka wizara moja hadi nyingine, wakae asubuhi moja waamue ni wa nani.

Wakati tunawasubiri, kuna jambo moja liko mikononi mwetu. Majina ya kaya maskini hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Yule mama hatakuwepo. Hajasusa, wala si kwamba hakusikia tangazo. Mkutano umeitwa saa nne asubuhi na saa nne ndiyo saa ya bakuli la pili. Orodha ikisomwa na jina lake lisisikike, wewe uliyekaa pale nyosha mkono, mwambie mtendaji aandike kaya ile, na aandike sababu yake: kuna mtu humo anauguza. Akikuuliza sehemu ya kuliandika hilo kwenye fomu iko wapi, mwambie aandike pembeni.